Kambale Tisa Darasani: Mafunzo Niliyopata Katika Kusoma Majina ya Watoto

Kila Septemba, kabla chaki haijagusa ubao, kazi yangu ya kwanza ni kusoma majina. Nimefundisha shule ya msingi hapa Beni, mashariki mwa Kongo, miaka 17. Mwaka wa kwanza nilipewa watoto 54, na nilipoita "Kambale" waliinuka tisa kwa pamoja, wakaangaliana, kisha wakaniangalia mimi. Nami ni Kambale, kwa hiyo humo ndani tulikuwa kumi. Mwaka jana, chumba kile kile chenye dirisha lisilo na kioo, nilipoita "Glodi" waliinuka wanne. Akina Kambale walikuwa bado wapo, ila wazazi kadhaa walikuwa wameshaniomba nisiwaite hivyo watoto wao.

Katikati hapo yameniudhi majina mengi. Baadhi ya kero hizo nimekuja kuzionea haya, nyingine ninazo mpaka leo.

1. Kwetu jina la kwanza halichaguliwi, linahesabiwa

Asiye wa huku nimweleze kidogo. Sisi Wanande, au Wayira kama wengi wetu tunavyopenda kuitwa, mtoto wa kiume wa kwanza ni Paluku. Wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Wasichana wana safu yao: Masika anafungua mlango, nyuma yake wanakuja akina Kahambu, Katungu, Kavira na Kavugho. Nyumba ikizaa wasichana tu, kisha akaja mvulana, huyo anaweza kuitwa Muhindo, yaani mambo yamegeuka. Kwa msichana aliyekuja baada ya wavulana ni Kahindo. Yapo majina mengine ya zamu hizo hizo, na wazee wa mlima huu hawakubaliani kila mara na wazee wa mlima ule, lakini utaratibu ni huo. Mtoto anapolia mara ya kwanza, jina limeshakaa linamngoja.

Mgeni akifika Beni au Butembo hudhani mji wote ni ukoo mmoja. Gavana wetu wa kuanzia 2007 hadi 2019 alikuwa Julien Paluku. Askofu wa jimbo la Butembo-Beni ni Melchisédech Sikuli Paluku. Jina hilo peke yake halitoshi kuwafanya ndugu. Ukisikia Mbusa, kama Antipas Mbusa Nyamwisi aliyeongoza upande wetu wakati wa vita vya mwanzo wa miaka ya 2000, sikio la Mnande linasikia namba kwanza, mtu baadaye.

Ni kweli linachosha. Katika simu yangu yupo Kambale Motari, Kambale Betri, Kambale wa Boikene, Kambale Kwaya na Kambale Deni, ambaye anajua kwa nini anaitwa hivyo. Siku moja nilituma pesa ya simu kwa Kambale Betri ikaenda kwa Kambale Kwaya, naye akanishukuru mbele ya waumini kwa mchango wangu. Ningesema nini?

Pwani wana akina Juma na Hamisi, Wajaluo wana Otieno wa usiku na Onyango wa asubuhi, Waghana wana Kofi na Kwame kwa siku ya kuzaliwa. Lakini siku za juma ni saba, zinagawana watoto bila upendeleo. Zamu haigawi hivyo. Karibu kila nyumba ina wa kwanza na wa pili. Wanaofika kwa Mbusa ni wachache. Ndiyo maana akina Paluku na Kambale wamejaa namna hii. Na siku hizi mjini, mwenye watoto wanne, wawili wa kike na wawili wa kiume, hata Kasereka hamfikii. Mwaka jana darasani kwangu hakukuwa na Katembo hata mmoja. Sikutegemea kumkumbuka, nikamkumbuka.

2. Hesabu ni ya tumbo la mama, na waliokufa wamo

Mimi ndiye mkubwa kwetu. Wadogo zangu wote wananiita yaya, yaani kaka mkubwa. Basi mwanafunzi mmoja wa darasa la tatu, mtoto mwenye akili kupita umri wake, aliniuliza wakati wa mapumziko huku anamenya muwa kwa meno: "Mwalimu, Paluku wenu anafundisha wapi?"

Paluku wetu aliishi miezi miwili, akachukuliwa na homa. Sina picha yake wala sijui kaburi lake liko upande gani wa shamba la babu. Lakini mtu yeyote wa kwetu akisikia jina langu na kujua kwamba mimi ni mkubwa, anajua palipita mtu. Kwa muda mrefu nililiona jina langu kuwa namba tu, kama ya jezi. Mtoto yule na muwa wake ndiye aliyenionyesha kwamba mama yangu hakuwahi kukubali kuanza hesabu upya.

Upande wa pili wa jambo hili ni mchungu zaidi. Kwa sababu nyumbani tunahesabu kwa mama, mwanamume mwenye wake wawili anaweza kuwa na Paluku wawili uani, na hakuna anayeshangaa. Lakini kijana akioa mama aliyekwisha kuzaa mvulana kwingine, mwanawe wa kwanza atakuwa Kambale, na mtaa wote utasoma habari hiyo katika jina la kichanga. Jirani yangu mmoja hakutaka. Alimwandikisha mwanawe kuwa Paluku, akasema yeye ndiye baba na hesabu inaanza kwake. Mabibi wa pande zote mbili waliendelea kumwita Kambale, bila ugomvi, kama watu wanaosahihisha kosa la tahajia. Mtoto nilimfundisha. Alikuwa anaitika yote mawili.

Wanaosema majina ya zamu hayana maana, kwamba ni uvivu wa wazee, hawajakaa katika nyumba ya namna hii.

3. Majina ya kugundisha

Sasa nije kwenye kero yenyewe. Kwa msomaji wa Mombasa au Dodoma, Glodi ni "Gloire de Dieu", utukufu wa Mungu, imekatwa mkia. Gradi ni neema ya Mungu, "Grâce de Dieu". Plamedi ni sentensi nzima, "plan merveilleux de Dieu", mpango wa ajabu wa Mungu, imekunjwa hadi ikaingia katika silabi tatu. Merdi ni "Merci Dieu", na mtu anayejua Kifaransa kidogo, hasa kile cha matusi, ataelewa kwa nini nilikuwa nalisoma kwa kasi.

Majina haya yalitufikia kutoka Kinshasa kwa njia tatu: makanisa ya uamsho, televisheni na mpira. Yalitanguliwa na yale marefu ya Kifaransa kamili, yasiyokatwa, ambayo timu ya taifa imeyatembeza dunia nzima: Dieumerci Mbokani, Trésor Mputu, Héritier Luvumbu, Merveille Bokadi. Halafu likaja jina kama la Glody Ngonda, na mlango ukawa wazi. Mzazi aliyemwita mwanawe wa kwanza Gloire akaona jirani ana Glodi, akaona lake limechakaa.

Nilikuwa nayaita majina ya ujumbe mfupi, ya mtu anayeogopa kumaliza salio. Nilimwambia mwenzangu wa darasa la nne kwamba hawa wazazi wanamfupishia Mungu jina kama wanavyofupisha "habari za asubuhi". Alicheka. Mwanawe ni Plamedi, lakini hakuniambia siku ile. Niligundua kwenye sherehe ya komunyo, sahani ya bugali mkononi, mbele ya keki iliyoandikwa jina hilo kwa sukari ya waridi.

Na nisiwasahau watoto wanaoitwa Béni, yaani mbarikiwa. Katika mji mwingine ni jina zuri tu. Hapa kwetu, ukijaza fomu ya mtoto, unaandika Béni, aliyezaliwa Beni, mkazi wa Beni, na anayepokea fomu anakurudishia akisema umekosea mistari.

4. Si kila jina lina hadithi

Mwaka mmoja, siku ya kuandikisha, mvua ya Septemba ikiwa inapiga bati hata husikii, mama mmoja aliniletea mtoto wa kike anayeitwa Merdi. Alikuwa na kitenge kilicholowa mpaka magotini na karatasi ya uzazi ndani ya mfuko wa plastiki. Nilitazama tarehe: mtoto alizaliwa mwishoni mwa 2014. Mtu wa Beni hahitaji kuelezwa. Mauaji ya vijiji vinavyotuzunguka yalianza Oktoba mwaka ule, na miezi ile barabara ya kutoka Oicha na Mbau ilijaa watu wenye magodoro kichwani. Nikajiambia, basi huyu alijifungua porini, akanusurika, akasema asante Mungu. Nikajilaumu kwa yote niliyowahi kuyasema. Nikaweka kalamu chini, nikaandaa uso wa huruma.

"Mama, jina hili mlilitoa wapi?"

"Kwenye televisheni, Mwalimu."

"Na sababu?"

"Nililipenda tu."

Alijifungulia materinite, hapa hapa mjini, mchana, bila taabu yoyote. Akaniangalia kama mtu anayengoja risiti.

Tangu siku hiyo siwadai wazazi hadithi. Tumezoea kufikiri kwamba jina la Kiafrika lazima liwe na kisa ndani yake, na lisipokuwa nacho tunasema ni la kuiga. Lakini je, mzazi wa Ulaya anayemwita mwanawe Thomas, anaulizwa nani? Na majina yenye kisa yana uzito wake. Nimewafundisha akina Mateso, Masumbuko, Machozi na Vita. Mtoto wa miaka sita anaitwa Machozi kwa sababu ya jambo lililompata bibi yake kabla yeye hajazaliwa, na kila asubuhi nalitaja kwa sauti mbele ya wenzake, naye anaitika "Nipo, Mwalimu" kwa furaha kabisa. Kati ya Machozi na Merdi, kama ningekuwa mtoto, ninajua lipi ningelichagua.

5. Anayeona majina yanafanana atayafuta

Ebola ilitangazwa kwetu tarehe 1 Agosti 2018, ikianzia Mangina, na haikuisha mpaka Juni 2020. Iliua watu 2,287. Katika kipindi hicho nilifanya kazi ya kuandika orodha za chanjo saa zisizo za shule, kwa sababu nina mwandiko unaosomeka na watu wa mtaa walikuwa wananifahamu.

Chanjo ilitolewa kwa mzunguko. Akipatikana mgonjwa, mnaandika kila aliyemgusa, kisha kila aliyewagusa hao, na wale wa karibu mnawatembelea siku 21 mfululizo kupima joto. Kwa hiyo jina lilikuwa ndilo kila kitu. Asiye katika orodha hachanjwi.

Nilikaa chini ya hema la plastiki na daftari. Mgonjwa alikuwa mama wa nyumba kubwa, kwa hiyo orodha ilikuwa na Kambale watano, Kasereka wanne, Kavira watatu. Baba aliitwa kwa zamu yake, mwana akabeba jina la baba nyuma ya zamu yake mwenyewe, kwa hiyo kulikuwa na Kambale Paluku, ambaye ni kijana, na Paluku Kambale, ambaye ni mjomba wake. Wote wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi, wamekunja mikono ya shati, wanangoja sindano.

Msimamizi alikuwa mgeni, mtu mpole, aliyelala masaa machache sana. Alipokea daftari langu, akalipitia na kalamu nyekundu, akakata mistari saba. "Mmewarudia," akasema. Nikamweleza. Akanijibu kwamba alionywa juu ya watu wanaojiandikisha mara mbili ili wapate msaada mara mbili. Nikamwita Kambale Paluku, akasimama. Nikamwita Paluku Kambale, akasimama. Alirudisha wawili hao. Watano wengine hawakuwa pale benchini, walikuwa wameenda sokoni kurudi jioni, na jina lililokatwa haliwezi kusimama. Walichanjwa kesho yake, baada ya mabishano ya nusu siku. Hakuna aliyeugua kati yao, na hiyo ndiyo sababu ninaweza kuliandika hili bila hasira.

Ila pale hemani ndipo nilipowaelewa wazazi wanaotafuta jina lisilo na mwenzake. Kama katika orodha ile kungekuwa na Plamedi, kalamu nyekundu ingempita.

6. Mpakani jina linabadilisha nguo

Ukivuka Kasindi ukaingia Mpondwe, upande wa Uganda, ndugu zetu Wakonzo wanahesabu kama sisi. Paluku anaitwa Baluku, Kambale anaitwa Bwambale, Kasereka ni Masereka, Kakule ni Kule, Katembo ni Thembo. Nikienda Bwera kununua daftari za jumla, muuzaji ananiita Bwambale bila kuniuliza, na bei inapungua kidogo.

Shida inaanza mbali zaidi. Binamu yangu na dada yake wako katika kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Walipohojiwa, afisa aliwauliza mara tatu: mna baba mmoja na mama mmoja, mbona mmoja ni Kakule na mwingine ni Katungu? Liko wapi jina la familia? Hawakuwa nalo la kumpa. Kwetu jina la zamu linakutenga na ndugu zako kwa makusudi, ili mama akiita uani aitike mmoja. Baada ya hapo binamu yangu alimwandikisha mtoto wake kwa jina la baba yake mzazi, kama Wazungu wanavyofanya, na zamu akaiacha nyumbani. Simlaumu. Aliyesimama katika foleni ile ni yeye.

7. Serikali nayo iliwahi kuudhika

Baba yangu ana majina mawili ambayo hayajawahi kukutana: la barabarani na la altareni. Alibatizwa na mapadre akiwa mdogo, akapewa jina la mtakatifu. Mwaka 1972 Mobutu alijiita Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa Za Banga na kutuamuru wote tuache majina ya Kizungu. Kardinali Joseph Malula wa Kinshasa alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Mapadre walionywa kwamba atakayembatiza mtoto kwa jina la kigeni atafungwa. Mwaka 1973 ikatoka sheria ya majina, na Sheria ya Familia ya 1987 ikakazia: jina litolewe katika urithi wa utamaduni wetu, na lisiwe la matusi wala la kudhalilisha.

Mikoa mingine watu walihangaika kutafuta la kuweka mahali pa Joseph. Sisi hatukuhangaika. Tulikuwa na zamu. Baba alifuta la mtakatifu kwenye karatasi akabaki na mengine, na mama yake akaendelea kumwita la ubatizo wakati wa sala ya jioni, kwa sauti ya chini, mlango umefungwa. Baada ya hotuba ya Mobutu ya tarehe 24 Aprili 1990, iliyofungua vyama vingi, majina ya watakatifu yalirudi hadharani, na nyuma yao yakaingia haya mengine yote.

Nikisoma sheria ile ya 1987 nacheka peke yangu. Plamedi ni urithi wa nani? Mfaransa ukimwambia Plamedi atakuuliza hiyo ni lugha gani. Maneno ni yao, kugundisha ni kwetu. Wao wenyewe Wafaransa walifungwa na sheria ya 1803 iliyowataka kuchagua katika kalenda na katika historia ya kale, na hawakuachiwa huru mpaka 1993. Tangu nilipojua hilo, sijamwambia mtu tena kwamba Glodi ni jina la kuiga Wazungu. Nasema tu kwamba silipendi.

8. Majina ya wakubwa

Novemba 2008 Kenya ilipewa siku ya mapumziko kwa ushindi wa Obama, na katika hospitali za Kisumu wakazaliwa akina Barack na akina Michelle. Huku kwetu pia nimefundisha marais, majenerali na wachezaji. Ushauri wangu ni mmoja: ngojeni mwenye jina afe kwanza. Aliye hai bado anaweza kuwaaibisha.

9. Herufi h haina kazi, lakini ina gharama

Hii ndiyo kero ambayo sijatubu. Joel amekuwa Jhoel. Glodi ni Glody, Glodie, Glodhy. Nimeona Naomie, Nahomie na Nahomy katika mstari mmoja wa madawati. Mzazi anadhani ameongeza uzuri, kumbe ameongeza safari.

Mtoto anaandikwa na watu wengi kabla hajafika kwenye diploma: nesi wa materinite, karani wa komini, mwalimu wa darasa la kwanza (mimi), katibu wa sekondari, mtu wa kadi ya kura. Kila mmoja anaandika anachosikia. Jina la Kambale halina pa kukosea. Hata aliyelala ataliandika sawasawa. Glodhy lina milango minne ya kukosea. Mwanafunzi wangu wa zamani alipata mtihani wa serikali kwa alama nzuri, akakuta diploma ina y na cheti cha kuzaliwa kina ie. Alizunguka kwa mawakili na mahakamani miezi mingi kuthibitisha kwamba yeye ni yeye. Franga alizotumia zingelipa karo ya mwaka wa kwanza. Baba yake, aliyeweka ile ie, alikuwa ameshasahau kwamba ipo.

10. Ilipofika zamu yangu

Mke wangu ni mtu wa Kisangani. Alipokuwa na mimba tulinunua daftari dogo la mistari, tukalijaza majina: ukurasa wa kushoto ya kiume, wa kulia ya kike. Tulijadili miezi sita. Tulikata, tukarudisha, tukakasirikiana juu ya Princesse, ambalo yeye alilitaka na mimi nikasema mtoto wa mwalimu hawezi kuitwa Princesse akiwa na kandambili.

Alizaliwa msichana. Siku ya pili mama yangu alishuka kutoka Butembo, akiwa na kuku chini ya kwapa na mfuko wa viazi. Hakuuliza jina. Alinawa mikono, akasogea kitandani, akasema kwa sauti ya kawaida: "Masika amelala?"

Mke wangu alinitazama. Daftari lilikuwa juu ya meza.

"Mama," nikasema, "tulikuwa bado tunafikiri."

"Fikirini," akajibu, akimfungua mtoto atazame vidole vya miguu. "Nani amewakataza? Masika ameshafika, ninyi fikirini hayo ya nyuma."

Basi la kwanza lilikuwa limekwisha. La pili tulimpa la mama wa mke wangu, na amani ikarudi Kisangani. La tatu tulikubaliana nichague mimi, kwa kuwa ndiye niliyesema sana. Nilikaa na karatasi ile usiku, taa ya sola ikiwa inafifia. Nilikuwa na majina ya watakatifu, majina ya shangazi zangu, majina ya Kiswahili safi kama Neema na Riziki. Nikaandika Gradi.

Mwenzangu wa darasa la nne, yule mwenye Plamedi, alipopata habari alikuja mpaka mlango wa darasa langu, akasimama na mikono kiunoni. "Mwalimu Kambale. Kwa nini?"

Ningeweza kumweleza kwamba ni neema, kwamba nilitaka neno la Kifaransa kwa ajili ya shule na la Mungu kwa ajili ya bibi yake. Nilimwambia ukweli. Nililipenda tu.

Karani wa komini aliandika Grady, na y mwishoni. Nililiona pale pale kwa sababu nilisoma karatasi kabla sijaondoka dirishani, nikairudisha, akanung'unika, akaandika nyingine. Kwa hiyo wewe unayetarajia mtoto mwaka huu, hapa Beni, Butembo, Oicha au popote, mwite utakavyo. Kumwandikisha ni bure ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Nenda ukiwa na jina limeandikwa kwenye karatasi kwa herufi kubwa, na usitoke dirishani kabla hujalisoma walivyoliandika, herufi moja moja.